Siku ya wakala wa fedha Mwanza: mwongozo kamili wa kulinda mtaji kuanzia hesabu ya asubuhi hadi kufunga daftari

Wakala anayefunga kibanda mara nyingi hakuvunjiwa usiku. Alianza na milioni tano, akahudumia watu kutwa nzima, na baada ya miezi michache anahesabu anakuta milioni tatu na nusu, asijue nyingine ilitokea mlango gani. Kosa ni lilelile kila mara: hakuwa na namba moja ya kujipima nayo kila siku.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana laini za uwakala wa mitandao ya simu, na pengine mashine ya benki moja au mbili. Habari za TIN, leseni na usajili hazimo. Kilichomo ni kazi ya kila siku, kwa mpangilio wake.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Kaunta buku moja la muamala, na daftari dogo la kufungia siku. Usichanganye.
- Droo yenye kufuli, na kasiki dogo lililofungwa kwa bolti sakafuni au ukutani.
- Taa ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti.
- Simu ya pili na powabenki. Umeme ukikatika saa 4 asubuhi, mteja hakusubiri.
- Bahasha, raba bendi na kitambaa kikavu.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Sababu iko Hatua ya 3.
- Mtaji usiodaiwa marejesho ya kila wiki. Mikopo ya kausha damu haifai kununulia floti (salio la kwenye laini na mashine unalohudumia wateja), kwa sababu riba yake hukimbia kuliko kamisheni yoyote utakayopata kaunta.

## Hatua ya 1: Andika namba ya mtaji, uibandike ndani ya droo

Hesabu kila kitu leo: taslimu, salio la kila laini, salio la kila mashine. Jumla yake ndiyo namba yako. Tuseme ni 5,000,000:

- Taslimu: 2,000,000
- Laini ya kwanza: 1,200,000
- Laini ya pili: 700,000
- Laini ya tatu: 300,000
- Mashine ya benki: 800,000

Mteja akiweka 50,000, taslimu inapanda 50,000 na floti inashuka 50,000. Akitoa, inakuwa kinyume chake. Jumla haitikisiki. Hata ufanye miamala mia mbili kwa siku, jioni ni lazima ukute 5,000,000 palepale. Kilichopungua kimepotea, na kilichozidi ni cha mtu.

Kuna mitandao inayokuingizia kamisheni kwenye akaunti yake yenyewe na mingine ambayo kamisheni huangukia kwenye floti. Ya namna ya pili iandike pembeni siku inapoingia, la sivyo itafunika upungufu na utadhani uko sawa wakati umeshapoteza.

Hapa ndipo fikra ya biashara hii inapoanzia. Pesa ya kwenye droo ni jembe tu, na mazao ni kamisheni. Anayechomoa elfu kumi ya mboga droo ikiwa imejaa amekata mpini wa jembe akapikie.

Utajua umefaulu: mtu akikuuliza mtaji wako ni kiasi gani, unajibu kwa namba moja bila kufungua simu.

## Hatua ya 2: Hesabu ya asubuhi kabla ya kufungua dirisha

Saa 12:30 asubuhi inatosha kwa walio karibu na soko au stendi. Waliopo mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, huanza mapema zaidi, kwa sababu mitumbwi hairudi kwa saa za ofisi.

Hesabu taslimu kwa aina ya noti: za 10,000 peke yake, 5,000, 2,000, 1,000, 500, kisha sarafu. Andika idadi ya noti kabla ya thamani, kwa mfano "10,000 × 120". Ukiandika thamani tu, siku ya upungufu hutajua kama kilichopungua ni msimbazi mmoja (noti ya 10,000) au buku kumi (noti kumi za 1,000).

Kwa walio kandokando ya ziwa kuna tahadhari ya ziada. Noti zinazotoka kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki huja na unyevu, wakati mwingine na magamba. Noti mbichi hunatana na kidole huhesabu mbili kama moja. Zipanguse, zitandaze zikauke, ndipo uzifunge kwenye bunda. Bunda lililofungwa likiwa bichi utalitoa kwa mteja likiwa na noti moja zaidi, na hatarudi kukuambia.

Tenganisha chenji mapema. Uwe na angalau 100,000 ya noti ndogo kwenye droo. Anayetaka kutoa 13,000 akakuta una noti za elfu kumi tupu ataondoka, na kwa jirani atarudi tena kesho.

Utajua umefaulu: hesabu inakuchukua dakika kumi, na namba ya asubuhi ni ileile uliyofungia jana jioni. Zikitofautiana, usifungue dirisha mpaka ujue ni kwa nini. Tofauti iliyotokea usiku ni rahisi kuitafuta, kwa kuwa hakuna muamala uliopita katikati.

## Hatua ya 3: Gawa mtaji kwa kufuata siku, mwezi na mahali

Ukigawa nusu taslimu na nusu floti kila siku ya Mungu, hata iweje, utakuwa unafukuza wateja bila kujua.

Mwaloni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu, na mitumbwi mingi hupumzika. Soko la Mwaloni Kirumba na mialo midogo hufuata mwendo huo, na pesa nayo hufuata. Wakati wa giza, mnunuzi kutoka mbali anafika asubuhi na hela kwenye simu huku muuzaji akitaka noti mkononi. Foleni ya asubuhi ni ya kutoa. Kuanzia mchana upepo unageuka: aliyeuza sasa ana noti, anataka kutuma nyumbani, kulipia mafuta, kulipa deni la nyavu. Taslimu inakurudia na floti inakauka.

Kwa mtaji wa milioni tano, siku za giza anza asubuhi na taslimu ya 3,000,000 na floti ya 2,000,000. Mbalamwezi geuza: taslimu 1,500,000, nyingine ibaki kwenye floti na mashine ya benki. Huo ni mwanzo tu, Hatua ya 8 itakurekebisha. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo usikariri tarehe. Angalia kalenda.

Karibu na vyuo. Upande wa Nyegezi na Malimbe, boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) likitoka, wanafunzi hutoa kwa siku chache mfululizo, kisha kimya. Weka taslimu kabla, maana siku yenyewe kila wakala atakuwa kwenye foleni ya benki.

Vijijini Magu, Kwimba na Misungwi. Msimu wa ununuzi wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa karibu Mei, huleta wiki za taslimu nyingi. Siku ya gulio nayo ihesabu peke yake.

Njia zikibadilika. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya magari kusubiri kivuko ikaisha. Aliyekuwa akiishi kwa foleni hiyo alihitaji kuhama na wasafiri, kwa sababu hakuna bidii ya kaunta inayorudisha gari lililopita bila kusimama. Jiulize wateja wako wanaletwa na nini hasa: mwalo, stendi, chuo, kivuko au mtaa. Kitu hicho kikihama, nawe uwe umeshaona mapema.

## Hatua ya 4: Utaratibu wa muamala, bila kuruka hata kipande

Pesa nyingi hupotelea hapa, na hupotea wakati wa haraka. Fuata mpangilio huu hata mteja akinung'unika.

Mteja anaweka pesa

1. Pokea noti kwanza. Hakuna "nitumie, nakuja na hela", hata kama anayepiga ni shemeji.
2. Hesabu mbele yake, kagua noti za 10,000 na 5,000 kwa taa, taja kiasi kwa sauti.
3. Ziweke noti pembeni ya kaunta, upande wako. Zisiingie droo bado. Kukitokea ubishi, mtahesabu noti zilezile. Zikishachanganyika na za droo huna ushahidi.
4. Ingiza namba, soma jina linalotokea, akubali kwa mdomo.
5. Tuma, subiri ujumbe, andika daftarini: saa, mtandao, kiasi, namba ya muamala.
6. Sasa noti ziingie droo.

Mteja anatoa pesa

1. Aanzishe muamala mwenyewe kwenye simu yake. Namba yake ya siri usiishike wala usiitazame, hata akikuomba umsaidie.
2. Ujumbe ukiingia, hakikisha umeongeza salio lako. Matapeli hutuma ujumbe wa kughushi unaofanana na wa kampuni. Maneno yanaweza kughushiwa, salio haliwezi.
3. Tazama kitambulisho, linganisha jina.
4. Hesabu mara mbili, ya pili mbele yake, umpe.
5. Andika.

Mtandao ukining'inia usirudie muamala. Angalia salio kwanza, kisha orodha ya miamala ya mwisho. Muamala wa kwanza unaweza kuwa umepita na ni ujumbe tu uliochelewa. Ukirudia, umetuma mara mbili, na mpokeaji ambaye hamjuani anaweza kuzitoa kabla hujamaliza kusikiliza muziki wa huduma kwa wateja. Kama umekosea namba, piga simu kwa mtandao papo hapo ukiwa na namba ya muamala mkononi.

Mbinu za kitapeli za kujifunza kwa moyo:

- Katikati ya hesabu mtu anaomba umbadilishie noti, kisha anabadili kiasi, kisha anaahirisha. Rudisha kila kitu chake, anza upya.
- Mpigaji anajitambulisha kuwa ni wa makao makuu na anataka namba ya siri au anakuelekeza ubonyeze tarakimu fulani. Kata simu.
- Mteja yuko hewani na mtu, ana wasiwasi, anataka kuweka kiasi kikubwa kwenye namba asiyoijua. Huyo anaibiwa mbele ya macho yako. Muulize anamtumia nani na kwa nini. Utapoteza kamisheni moja na utapata mteja wa miaka.
- Noti za zamani. Matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya 2010, yaliondolewa kwenye mzunguko, na muda wa kuyabadilisha uliisha 5 Aprili 2025. Mtu akikuletea bunda lililokaa chini ya godoro la bibi, kagua moja moja.

Usigawe muamala mmoja vipande ili ule kamisheni mara tatu, wala usimtoze mteja nyongeza yako. Kampuni hukataza yote mawili, na laini ikifungiwa utakuwa umeuza ng'ombe kwa bei ya kamba.

Utajua umefaulu: wateja wa mara kwa mara wanataja jina la mpokeaji wenyewe kabla hujauliza.

## Hatua ya 5: Hesabu ya saa 7 mchana na kusawazisha

Usisubiri floti iishe. Weka alama ya hatari kwa kila laini: theluthi moja ya kiasi ulichoanza nacho asubuhi. Laini ya 1,200,000 ikishuka hadi 400,000, anza kusawazisha.

Njia ni tatu: benki, wakala mkuu, au jirani mwenye shida ya kinyume na yako. Jirani ndiye wa haraka kuliko wote, naye akikosa taslimu atakufuata wewe, kwa hiyo ukorofi na wakala wa pembeni ni hasara. Sharti ni moja tu: noti zihesabiwe na floti iingie wote mkiwa mmesimama pamoja. Pesa iliyotoka na haijarudi iandike "njiani", pamoja na saa, kwani nayo ni sehemu ya jumla.

Ukibeba taslimu, badili saa na njia kila siku, na usiseme unakokwenda. Boda wa kudumu anayejua ratiba yako ni rafiki mzuri mpaka siku atakapomsimulia mwingine. Kwenye droo isizidi 300,000 hivi, iliyobaki ikae kwenye kasiki.

## Hatua ya 6: Jibu la mkopo liwe tayari kabla ya swali

Ataomba jirani, fundi, na mara nyingi ndugu. Jibu fupi: "Hela hii ni ya kampuni, nikiitoa laini inasimama." Liseme kwa upole, kwa maneno yaleyale kila mara, na usiongeze maelezo. Maelezo ndiyo hualika mabishano.

Kukopesha kwa riba ni biashara nyingine yenye sheria yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na wa daraja la pili hupewa na Benki Kuu. Kufanya hivyo kimyakimya chini ya mwavuli wa uwakala kunakuweka kwenye hatari mbili, ya sheria na ya mtaji kukwama.

Ukitaka kumsaidia mama mkwe, msaidie kwa mshahara wako wa Hatua ya 9.

## Hatua ya 7: Kufunga na kutafuta tofauti

Funga dirisha kwanza, hesabu baadaye. Kuhesabu milioni mbili huku dirisha liko wazi saa 1 usiku ni kutangaza.

Kuna ukaguzi wa aina mbili, na wengi huchanganya. Wa kwanza ni jumla halisi dhidi ya namba ya mtaji. Wa pili ni daftari dhidi ya salio la kila laini. Jumla ikiwa sawa lakini daftari halilingani, umekosea kuandika tu. Hakuna hasara, tafuta kesho ukiwa umelala. Jumla ikipungua, pesa imetoka, na usiende nyumbani kabla ya kupekua.

Kiasi chenyewe hukuonyesha pa kuanzia:

- Pungufu ya 5,000: ulitoa noti ya 10,000 mahali pa 5,000.
- Pungufu ya 8,000: 10,000 mahali pa 2,000.
- Pungufu ya 9,000: 10,000 mahali pa 1,000, aghalabu taa ikiwa hafifu.
- Pungufu inayolingana na muamala mmoja wa kuweka: ulituma bila kupokea noti, au ulituma mara mbili. Pekua ujumbe wa simu, si daftari.
- Pungufu inayolingana na kutoa: ulikabidhi noti kabla salio halijaongezeka.

Kwa upande wa daftari, tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu zilizopinduliwa: 54,000 iliyoandikwa 45,000 inaacha 9,000.

Ziada nayo isikufurahishe. Iweke kwenye bahasha yenye tarehe na kiasi, ingoje siku thelathini. Mwenyewe akija, mrudishie mbele za watu, na mtaa mzima utajua kibanda kipi cha kwenda.

Kama mnahudumu wawili, droo ziwe mbili. Droo moja yenye mikono minne haina mkosaji, na upungufu wake utavunja undugu kabla haujavunja biashara. Zamu zibadilishwe kwa kuhesabu na kusaini.

Utajua umefaulu: ukurasa wa leo una mistari mitatu: jumla, tofauti, sababu ya tofauti. Siku nyingi tofauti inasomeka sifuri.

## Hatua ya 8: Hesabu ya waliogeuzwa

Hili wengi hawalifanyi, na ndilo linalotofautisha anayekua na anayedumaa. Kila mteja unayemwambia "hakuna", chora kijiti nyuma ya kaunta buku chini ya sababu yake: hakuna taslimu, hakuna floti ya laini fulani, hakuna chenji, mtandao, kiasi kikubwa mno.

Jumapili jioni jumlisha. Vijiti vikiwa vingi kwenye laini ya tatu na laini ya kwanza ikilala na 600,000 kila jioni, hamisha 300,000. Fanya badiliko moja kwa wiki, si matatu, ili ujue ni lipi lililozaa. Vijiti vingi vya "mtandao" vinadai laini au simu nyingine, siyo mtaji.

Usiwaulize wenzako wanatia mtaji kiasi gani. Vijiti vyako vinajua zaidi.

## Hatua ya 9: Kamisheni ikiingia

Igawe siku hiyohiyo, kabla haijazoea kukaa na mtaji. Mfano, kamisheni ya mwezi baada ya makato ya kodi ni 450,000. Toa gharama za kibanda, yaani pango, umeme, mlinzi na vocha: tuseme 150,000. Inabaki 300,000:

- Mshahara wako, asilimia 60: 180,000
- Kukuza mtaji, asilimia 30: 90,000
- Mfuko wa makosa, asilimia 10: 30,000

Mfuko wa makosa ndio unaofidia zile 8,000 na 9,000 za Hatua ya 7. Upungufu ukitokea, chukua humo usiku uleule, mtaji urudi kwenye namba yake. Mwaka ukipita bila kuutumia, usiuhamishe. Noti bandia moja ya elfu kumi haiumi, bunda la bandia linaumiza.

Siku mtaji unapoongezeka, futa namba ya ndani ya droo uandike mpya, yenye tarehe. Kibanda cha pili usikifikirie mpaka cha kwanza kiwe kimefunga siku 60 mfululizo ukijua chanzo cha kila tofauti, na siku 10 kati ya hizo awe amefunga mtu mwingine wewe ukiwa haupo.